Baba Mtu Mzima na Gemu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi asubuhi, tulipomaliza jumuiya na chai inamiminwa, simu yangu ililia ikiwa mezani. Kwenye kioo ikatokea ile gemu ya mpira, kuna mtu ananialika mechi. Mzee wetu mmoja aliyekuwa amekaa jirani yangu akaona. Hakukasirika. Aliniangalia kwa upole akasema, "Mwanangu, na wewe? Baba mwenye familia, gemu?" Kisha akanitajia kwa kichwa lile andiko tunalolijua wote: "Tangu nilipokuwa mtu mzima, nimeyabatilisha mambo ya kitoto." Wenzetu wakacheka kidogo, mazungumzo yakahamia kwenye mchango wa msiba, tukatawanyika.

Neno lile nimelala nalo na kuamka nalo wiki nzima. Mzee yule ndiye aliyesimamia ndoa yetu, na akisema jambo huwa siliweki pembeni. Nimeomba nikiuliza waziwazi: Bwana, saa ile ninayokaa na gemu inakuchukiza? Je, nimekataa kukua? Nawaandikia nilipofika, kwa sababu najua siko peke yangu. Baadhi yenu mnacheza mkiwa mmejifungia chumbani mtu asijue, na baadhi mnawadharau wanaocheza.

Nilianza kwa kulirudia andiko lenyewe, nikalisoma pamoja na majirani zake. Mtume Paulo aliyaandika maneno yale katikati ya sura ya upendo, 1 Wakorintho 13. Wakorintho walikuwa na karama tele, na kwa karama zile wakawa wanapimana: huyu ananena kwa lugha, yule anatoa unabii, huyu wa Paulo, yule wa Apolo. Sura ya 3 anawaambia hakuweza kusema nao ila kama na watoto wachanga katika Kristo, na sababu anaitaja papo hapo: kwenu kuna husuda na fitina. Sura ya 14 anarudi tena: "Ndugu zangu, msiwe watoto katika akili zenu, lakini katika uovu mgeuzwe watoto wachanga, bali katika akili zenu mkawe watu wazima." Utoto uliomliza Paulo ulikuwa wa watu wenye ndevu, wenye nafasi zao kanisani, walioshindwa kupendana. Jirani na mji wao kulikuwa na michezo ya Isthmia, kila baada ya miaka miwili watu wakifurika kutazama, na Paulo anawatolea mfano wa wapiga mbio na wapiga ngumi (9:24-26) pasipo kuwakemea kwa kupenda michezo. Swali lake kwao lilikuwa moja: mnapendana?

Ukitaka mengine ya michezo katika Maandiko yapo, nayapitia haraka. Zekaria 8 anauona mji wa Mungu uliorejezwa: wazee wamekaa njiani na mikongojo yao, wavulana na wasichana wanacheza. Nakiri, wazee pale wamekaa na watoto ndio wanaocheza, kwa hiyo andiko hilo mzee wangu anaweza kulichukua likawa lake. Lakini Zaburi ya 104 inasema Mungu alimwumba lewiathani, yule mnyama mkubwa wa baharini, acheze humo. Mungu wetu hakuumba kazi tupu.

Na sisi wenyewe tumelijua hilo siku zote. Mwalimu Nyerere alipenda bao na alicheza na wazee wenzake, wala hakuna aliyemwona mtoto. Mashimo 32, kete 64, mtu ananamua, yaani anaingiza kete ubaoni, huku akipiga hesabu za mbali, na pembeni watazamaji wanabishana kuliko wachezaji. Gemu za kwenye kioo nazo hazikuanzia kwa watoto. Mwaka 1972 mashine ya kwanza ya Pong, ule mchezo wa tenisi wa vijiti viwili na kidoti, iliwekwa kwenye baa huko California. Tetris ilibuniwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtafiti wa kompyuta mjini Moscow. Nokia walipoweka gemu ya nyoka kwenye simu ya 6110 mwaka 1997, ile simu ilikuwa mifukoni mwa wakubwa. Wazee wangu, wangapi kati yenu mmelisha nyoka yule mkisubiri zamu hospitali au gari stendi? Leo huko Marekani wastani wa umri wa wachezaji umepita miaka 30.

Kisha tuambiane ukweli kuhusu Jumapili jioni. Tunatoka ibadani, tunakaa mbele ya runinga saa mbili nzima kuangalia mpira wa Uingereza, na ikifika Simba na Yanga kuna ndugu wawili katika Kristo wanaokaa wiki bila kusalimiana. Hilo hatujaliita utoto. Lakini ndilo linalofanana zaidi na "mimi ni wa Paulo, na mimi ni wa Apolo."

Sasa mniruhusu nishuhudie jambo, maana bila hili sijasema kitu.

Mzee wangu, shikamoo. Ule mwaliko uliouona kwenye simu yangu ulitoka kwa mdogo wangu. Yuko Edmonton, Kanada. Kwetu ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwake bado Ijumaa usiku, ametoka kazini.

Mama yetu alipofariki, mdogo wangu hakuweza kuja. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na angetoka asingeweza kurudi. Alizika kwa kutazama simu aliyoshika mpwa wetu kaburini, picha ikikatikakatika. Baada ya hapo alinyamaza. Nikimpigia, ni yale yale. Upo? Nipo. Kazi? Salama. Umekula? Nimekula. Nilimtumia mistari ya Biblia, akajibu amina. Nilimtumia mahubiri, sijui kama aliyasikiliza. Mke wangu naye alijaribu, maana anampenda kama mdogo wake wa tumbo moja. Kila mlango tuliogonga alitufungulia kwa adabu na kutuachia hapo hapo kizingitini.

Siku moja yeye mwenyewe akaandika: "Kaka, pakua hii gemu tucheze." Nikapakua. Sikuwa najua hata kitufe cha kupiga pasi ni kipi. Alinifunga mabao mengi akacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba. Tukawa tunacheza mara kwa mara, simu ya pili nimeiweka pembeni kwa sauti kubwa, tunaongea huku vidole viko kazini. Mwanzoni tuliongea mpira tu. Halafu baridi ya kule. Halafu bosi wake. Kisha siku moja, mechi ikiendelea, mpira uko kwake, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka, mama aliniulizia?"

Nilimwambia. Alikuulizia jana yake na siku ile yenyewe. Alikuita kwa lile jina la utotoni. Alisema usilie peke yako.

Wapendwa, mdogo wangu alilia siku ile kilio alichokuwa amekibeba miezi yote ile. Mechi ilijiendea bila mchezaji. Tukaomba pamoja kwenye simu, na yeye ndiye aliyeanza, mtu aliyekuwa anajibu amina kwa herufi tu. Leo amerudi ibadani. Amepata ushirika na ndugu wa kutoka kwetu na wa Kongo, wanaomba kwa Kiswahili, na Krismasi iliyopita alituimbia kwa simu wimbo wa kwaya yao.

Sisemi gemu ilimwokoa. Yesu ndiye aliyemtafuta. Lakini Yesu aliyemngoja mwanamke Msamaria kisimani, mahali pa kuteka maji, anaweza kumngoja mwanaume mwenye uchungu mahali mikono yake inapokuwa na shughuli. Wanaume wengi hatuwezi kuketi uso kwa uso tukaambiwa, "Haya, sema yaliyo moyoni." Tunasema tukiwa tumekaa ubavu kwa ubavu, tunatazama kitu kingine. Baba zetu walikuwa na bao chini ya mwembe, na mambo mazito ya ukoo yalisemwa pale, kete zikigawanywa. Wengi wetu mwembe hatuna tena. Ndugu zetu wako Muscat, wako Nairobi, wako Edmonton. Mwenye ndugu aliyenyamaza, nakusihi, usichoke naye. Kama njia yake ni drafti, jifunze drafti. Kama ni gemu, muombe mwanao akufundishe, ufungwe mabao, ukae naye. "Upendo huvumilia," na uvumilivu wakati mwingine ni kufungwa sita bila huku unasubiri mtu aseme neno moja la kweli. Mwanao wa kidato cha pili asiyeongea mezani, kaa naye. Omba zamu. Mwache awe mwalimu wako kwa nusu saa, uone atakavyokueleza mambo ambayo hukuwahi kuyasikia. Msiwaachie watoto wenu wapate wakubwa wa kuwasikiliza kwenye vibanda vya gemu tu.

Baada ya kusema hayo, naomba mnivumilie niseme na wenzangu tunaocheza, maana kipimo kile kile cha upendo kinatugeukia.

Wapo kina mama katika jumuiya zetu wanaolala peke yao ilhali mume yuko sebuleni. Saa nane za usiku, saa tisa, pad iko mkononi. Mtoto analeta daftari la hesabu, anaambiwa "ngoja nimalize mechi," na mechi ikiisha kuna nyingine. Mama mkwe anakuja kutoka kijijini, anasalimiwa macho yakiwa kwenye kioo. Ndugu yangu, hapo usinijie na bao la Mwalimu. Hapo mzee wangu amesema kweli, na andiko lake limesimama, kwa sababu upendo "hautafuti mambo yake."

Tusijidanganye kwamba ni suala la kujikaza tu. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 1, 2022. Dalili wanazozitaja ni tatu: mtu kushindwa kujizuia, gemu kuyasukuma nyuma mambo mengine ya maisha, na kuendelea ingawa anaona madhara, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu angalau miezi 12. Kina mama pia msikilize, maana gemu za peremende nazo ni gemu. Candy Crush inakupa uhai wa mara tano, ukiisha unangoja dakika 30 kwa kila mmoja au unalipa. Kungoja kule kumepangwa na watu wenye akili sana, ili ukiwa unasonga ugali moyo wako uwe unahesabu dakika. Zipo gemu zinazokuuzia kasha usilojua lina nini ndani. Ubelgiji iliyahesabu makasha hayo kuwa kamari mwaka 2018 na kuyazuia. Na kile kindege cha kubeti sikijadili hapa kabisa. Kile ni kamari, na kinakula ada za watoto.

Paulo yule yule wa sura ya 13 alikwisha kusema katika sura ya 6: "Vitu vyote ni halali kwangu, lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote." Mpendwa, umetiwa chini ya uwezo? Jaribu hivi wiki hii: zima, usiifungue mpaka Jumapili. Kama siku ya pili umeanza kuwa mkali kwa watoto pasipo sababu, umepata habari zako. Halafu muulize mkeo, mkiwa wawili tu, kama muda wako anaupata. Usimkatize akijibu, wala usijitetee.

Nyumbani kwetu tumekubaliana hivi, nanyi mtaona yenu: gemu haiguswi kabla ya sala ya jioni na chakula, haichezwi na mlango umefungwa, na mtoto akija na daftari, mechi inaachwa hata kama ninaongoza. Mdogo wangu anajua. Nikipotea katikati ya mechi anasema tu, "Haya, msalimie mama yangu," maana binti yetu amerithi jina la mama.

Jumamosi hii tusome pamoja 1 Wakorintho 13, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, tusiruke hadi wa 11. Mimi nitafika mapema kabla ya wengine, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ndugu unayecheza usiku na umeshindwa kuacha, njoo saa hiyo tuombe wawili, sitamwambia mtu. Na wewe mwenye ndugu aliye mbali aliyenyamaza, niletee jina lake nimwombee.