Kwa gari juu ya Baikal, hadi wilaya ya Olkhon

Mtoto wa Kigoma hukua akiambiwa kwamba Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani. La kwanza ni Baikal, lenye mita 1,642, na hapo penye kina kuliko pote ni karibu na kisiwa cha Olkhon, mashariki mwa Siberia. Mimi nilikuwa nasoma Irkutsk, mwendo wa chini ya siku moja kutoka huko. Mwishoni mwa Februari nikapanda basi dogo la abiria, nikabanwa kati ya mzee mmoja wa Kiburyati, kabila la wenyeji wa huku, na masanduku ya mayai.

Barabara inatoka Irkutsk kuelekea kaskazini na kupita Ust-Ordynsky, makao ya eneo la Waburyati lililokuwa na mamlaka yake ndani ya Shirikisho la Urusi, hadi lilipounganishwa na mkoa wa Irkutsk tarehe 1 Januari 2008. Ramani za huku zimekatwakatwa mara nyingi. Olkhon yenyewe ilikuwa sehemu ya jamhuri ya Waburyati mpaka 1937, serikali ya Stalin ilipoimega jamhuri hiyo na kuihamishia Olkhon Irkutsk. Watu walibaki palepale, ila ofisi za kupeleka shida zao zikahama.

Bayanday tulisimama kula. Chakula cha njiani huku ni buuza: nyama iliyokatwakatwa na vitunguu, ikafungwa ndani ya unga na kupikwa kwa mvuke. Haliwi kwa uma. Unalishika mkononi, unang'ata tundu dogo, unafyonza mchuzi kwanza, ndipo unakula. Mzee wangu alinikagua mpaka buuza la tatu, akaridhika.

Baada ya hapo tuliingia wilaya ya Olkhon, na nchi ikabadilika. Misitu ilipungua, ikabaki nyika kavu yenye nyasi za kahawia zilizochomoza kwenye theluji haba. Safu ya milima ya Primorsky inazuia mawingu, hivyo sehemu za kisiwani hupata kama milimita 200 tu za mvua kwa mwaka. Kwenye miinuko, dereva alipunguza mwendo penye nguzo zilizofungwa vitambaa vya rangi, akatupa sarafu dirishani kwa ajili ya mizimu, wenyewe wa mahali. Hakuna aliyecheka, hata Warusi.

Makao makuu ya wilaya ni Yelantsy, kijiji cha nyumba za magogo kando ya mto Anga. Wilaya nzima ina karibu kilomita za mraba 16,000, kubwa kuliko mkoa wetu wa Kilimanjaro, lakini wakazi wake ni kama elfu kumi hivi. Nilipokwenda ilikuwa na kata za vijijini sita, kila moja na mkuu wake na baraza lake: Yelantsy, Buguldeyka, Kuret, Onguryon, Shara-Togot na Khuzhir. Juu yao walikuwapo meya wa wilaya na baraza la wilaya. Kwetu mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais. Kwao meya hutokana na uchaguzi. Basi nikadhani ndiye mwenye kauli.

Mwisho wa lami ni Sakhyurta, ukingoni mwa mlango wa maji unaotenga kisiwa na bara. Kiangazi kuna pantoni, na wakazi hawapangi foleni ndefu pamoja na watalii. Barafu inapoanza kuganda au kuyeyuka, vyombo vinavyoelea juu ya hewa, vyenye feni kubwa nyuma, ndivyo huvusha watu. Katikati ya majira ya baridi watu hupita juu ya ziwa lenyewe. Tulihamia kwenye gari la UAZ, na penye kibao cha kuingilia dereva akatuamuru tufungue mikanda. Barafu ikivunjika, mkanda ndio utakaokuzamisha.

Barafu ilikuwa nyeusi na safi kiasi cha kuona mapovu meupe yaliyoganda yakiwa yamepangana kwenda chini. Penye ufa mpana dereva alishuka na mtaimbo, akagonga upande huu, akagonga upande ule, akasikiliza, akarudi bila neno na kukanyaga mafuta. Nimevuka Tanganyika kwa mtumbwi wakati wa upepo wala sikutetemeka vile.

Khuzhir, kijiji kikubwa cha kisiwa, kilikua kutokana na kiwanda cha samaki cha enzi za Wasovieti. Umeme wa gridi ulifika 2005 tu, kwa waya uliolazwa chini ya maji. Siku hizi watu wanaishi kwa watalii. Uvuvi wa kibiashara wa omul, samaki aliyelijengea ziwa jina, ulipigwa marufuku Oktoba 2017. Kigoma tulifungiwa ziwa miezi mitatu mwaka 2024 na kelele zilifika Dodoma.

Mama mwenye nyumba niliyolala alinisikiliza nikimsifu meya wa kuchaguliwa, akanimiminia chai ya maziwa. "Mwanangu," akasema, "meya tunamchagua, lakini ardhi si yake." Kisiwa kizima kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Pribaikalsky, iliyoanzishwa 1986, na hifadhi ni mali ya serikali kuu. Juu yake ipo sheria ya kulinda Baikal ya 1999, na tangu 1996 ziwa limo katika orodha ya urithi wa dunia. Dampo haliruhusiwi, kwa hiyo taka ni za kuvushwa kwenda bara. Nje ya kijiji mgeni anatakiwa awe na kibali cha hifadhi. Na mtu aliyezaliwa Khuzhir anaweza kuhangaika miaka na hati ya kiwanja alichojengea babu yake. Nadhani ulinzi wenyewe ni wa lazima, maana hoteli zimejengwa mpaka karibu na mwamba wa Shamanka, mahali patakatifu kuliko pote kisiwani. Ila anayebanwa zaidi ni mama huyu, wala si mwenye hoteli.

Wakati wa kurudi nilikaa tena na mzee mwingine, huyu akiwa na faili la plastiki mapajani. Alishuka Yelantsy kupeleka karatasi za kiwanja, dereva akakubali kumsubiri, nasi tukanywa chai. Hakukawia. Alirudi na faili lilelile, akaketi, akatoa noti mfukoni na kumwongezea dereva nauli ya kufika Irkutsk.