X Isiyozimika Yote

Usiku huu, nyumba ilipotulia, niliitoa tena kwenye bahasha picha ya kromosomu za mwanangu, zile nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba jeni. Zimepangwa jozi kwa jozi, kubwa mbele na ndogo nyuma, na mwisho kabisa, mahali ambapo kwa kawaida mvulana huwa na X moja na Y moja, zipo tatu: X, X na Y. Hii ndiyo sindromu ya Klinefelter, ambayo humpata takriban mvulana 1 kati ya 600, na wengi huzeeka nayo bila kujua.

Swali moja lilinisumbua kwa miezi mingi. Nilikwisha kusoma kwamba seli yenye X mbili huizima mojawapo, kama alivyoeleza mwanajenetiki Mary Lyon mwaka 1961. Baadaye ilijulikana kwamba jeni iitwayo XIST hutoa RNA, molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye jeni, inayoigubika kromosomu hiyo mpaka ikajikunyata na kuwa kidoa kilichokolea rangi, kile kile ambacho mtafiti Murray Barr na mwanafunzi wake walikiona kwa hadubini mwaka 1949 katika seli za neva za paka. Ikiwa X ya ziada imezimwa, mbona mwanangu alichelewa kusema?

Nilichokuja kuelewa ni kwamba haizimiki yote. Sehemu ya jeni zake, zipatazo asilimia 15, huendelea kufanya kazi, na miongoni mwake zimo KDM6A na KDM5C, zinazorekebisha jinsi DNA, uzi unaobeba jeni, inavyofungwa ndani ya seli, hivyo kuathiri pia jeni zilizo kwenye kromosomu zisizo za jinsia. Ubongo wa mtoto aliye tumboni hujengwa kwa jeni kuwashwa na kuzimwa kwa wakati wake. Kipimo cha kazi ya jeni hizo kikizidi kidogo, mpangilio huo huguswa. Wasichana wenye sindromu ya Turner, ambao wana X moja tu, hupungukiwa na kipimo hicho hicho, na wengi wao huzungumza vizuri lakini hutaabishwa na hesabu na kukadiria umbali.

Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia kwamba mtoto huyu ni mvivu. Neno lile bado linaniuma, kwa sababu na mimi nililiamini kwa muda.

Jana alinisimulia ndoto yake tangu mwanzo hadi mwisho, akinyamaza mara kwa mara kulitafuta neno, na safari hii sikumtajia.