Ferrari World au Warner Bros. World: pima watoto kwanza, tiketi baadaye

Kabla hujatoa hata dirham moja, chukua tepu ya fundi cherehani, msimamishe kila mtoto ukutani bila viatu, uandike urefu wake. Alama ya kuangalia ni sentimita 140. Kama watoto wako wengi bado hawajaifikia, siku yako ya kwanza katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, iwe ya Warner Bros. World, bustani ya michezo yenye wahusika wa katuni na mashujaa wa filamu. Kama wote wameivuka, nenda Ferrari World, bustani ya michezo ya kasi yenye jina la magari ya mbio. Urefu wa watoto ndio unaoamua, na wazazi wengi huugundua wakiwa tayari wamesimama getini na tiketi zimeshalipiwa.

Bustani hizi mbili zinaendeshwa na kampuni moja, Miral. Ferrari World ilifunguliwa Novemba 2010, Warner Bros. World ikafuata Julai 2018. Umbali kati yake ni wa dakika chache kwa gari, na zote mbili, kwa sehemu kubwa, ziko ndani ya majengo makubwa yenye kiyoyozi, kwa hiyo zinafaa hata Agosti, joto la nje likiwa limepita nyuzi 40. Kisiwa hichohicho kina pia Yas Waterworld na SeaWorld, lakini hizo ni habari ya siku nyingine.

Tuanze na Ferrari World, maana ndiko hela nyingi zinakopotea bure. Kinachowavuta watu pale ni Formula Rossa, rolakosta (treni ya mchezo inayopanda, kushuka na kupinda kwenye reli kwa kasi) inayotoka sifuri hadi kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde 4.9. Kwa miaka mingi hapakuwa na nyingine duniani iliyoifikia kwa kasi. Haipandishwi kilima kwa mnyororo kama rolakosta za kawaida. Mtambo wa haidroliki huivuta kwa kebo na kuirusha nje ya jengo, na sehemu kubwa ya reli iko kwenye hewa ya wazi. Ndiyo maana kila abiria hupewa miwani ya kufunga kichwani: kwa kasi ile, punje moja ya mchanga au mdudu akikupiga jichoni ni jeraha. Na kwa kuwa reli iko nje, upepo mkali, vumbi au mvua huisimamisha. Mtambo nao una hitilafu zake. Ikisimama hakuna anayejua itarudi baada ya dakika 20 au saa mbili, kwa hiyo nenda hapo mara tu mlango unapofunguliwa. Ukiikuta imefungwa, usikae kwenye foleni kusubiri. Endelea na michezo mingine, urudi kila baada ya muda, kwani ikifunguliwa tena foleni huwa fupi kwa dakika chache kabla watu hawajapata habari.

Kipimo cha chini cha Formula Rossa ni hizo sentimita 140, na wahudumu hawana huruma nacho. Usiwalaumu. Vizuizi vya viti vimetengenezwa kwa mwili wa kiasi fulani, na mtoto mwembamba wa sentimita 136 anaweza kuteleza chini yake. Kinachopimwa ni utosi: nywele zilizosukwa na kufungwa juu haziongezi kitu, na viatu vyenye soli nene huleta ubishi usio na maana mbele ya foleni. Mweleze mtoto ukweli akiwa bado nyumbani, asije akalia mlangoni.

Flying Aces, iliyofunguliwa 2016, kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote mle ndani, hata kuishinda Rossa. Rossa ni sekunde chache za mshtuko halafu imekwisha. Flying Aces inapanda mita 63, inashuka na kupinda bila kupumzika, na ina kitanzi kirefu cha mita 52. Jina lake linamkumbuka Francesco Baracca, rubani Mwitaliano wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambaye farasi aliyechorwa kwenye ndege yake ndiye aliyekuja kuwa nembo ya Ferrari. Kijana wa miaka 15 anayependa magari atafurahia kuijua habari hiyo kabla ya kupanda. Turbo Track inatoboa paa na kurudi ndani, na Mission Ferrari, ya 2023, ina sehemu ambapo kipande cha reli huinamia upande na kuliangusha behewa.

Je, wadogo wanakosa kila kitu? Hapana. Kuna eneo la familia lililoongezwa mwaka 2020 lenye Formula Rossa Junior na Turbo Tower. Kuna Bell'Italia, vigari vya pole pole vinavyopita kwenye miji ya Italia iliyojengwa kwa udogo, na Viaggio in Italia, unapokaa kwenye viti vinavyoning'inia mbele ya skrini kubwa kama unayeruka juu ya nchi. Watoto pia hufundishwa kuendesha vigari vidogo. Lakini mtoto wa miaka mitano atamaliza vyote hivyo kwa saa tatu au nne, kisha atabaki kuwasubiri wakubwa chini ya rolakosta. Kigari cha mtoto, begi la nepi na mzazi mmoja aliyekaa benchi mchana kutwa: hiyo siyo likizo ya mzazi huyo.

Warner Bros. World imepangwa kwa fikra tofauti kabisa. Ina michezo na maonyesho 29 katika maeneo sita, na mengi ya hayo baba, mama na mtoto wa miaka sita wanapanda pamoja. Unaingilia Plaza, ambayo dari yake imechorwa kama anga na hubadilika mchana ukawa usiku, kisha unachagua njia: Cartoon Junction, Bedrock, Dynamite Gulch, Metropolis au Gotham City. Ukiwa na wadogo, wengi watakuvuta upande wa mashujaa, yaani Metropolis na Gotham City, kwa sababu ndio wanaojulikana. Kataa. Nenda Dynamite Gulch na Cartoon Junction kwanza. Fast and Furry-ous ni rolakosta ya familia ambayo mabehewa yake yananing'inia chini ya reli, miguu ikiwa hewani; Tom and Jerry Swiss Cheese Spin ina mabehewa yanayozunguka. Zote mbili zina kipimo cha urefu kilicho chini ya kile cha Rossa, na kwa kuwa watoto hutaka kurudia, foleni zake hujaa mapema. Hapo ndipo saa ya kwanza ya siku inapolipa.

Bedrock ina mashua inayopita mtoni ndani ya mapango. Maji hurushwa, na mtoto aliyelowa ndani ya jengo lenye kiyoyozi kikali huanza kutetemeka baada ya dakika kumi. Beba fulana moja ya kubadilisha na sweta jepesi, hata kama nje mnaungua. Wazazi wa Dar na Mombasa hulisahau hili, kwa sababu hakuna anayefikiria sweta akienda Ghuba mwezi wa nane.

Gotham City ni giza, sauti kubwa na sura za kutisha. Mchezo wa Scarecrow unazungusha watu hewani, na nyumba ya Joker ina vioo na njia za kupoteza mwelekeo. Walio chini ya miaka saba wengi hawaitaki, na ukimlazimisha mmoja utalipa usiku hotelini. Upande wa Metropolis na Gotham kuna pia michezo ya skrini, kama Green Lantern na Batman Knight Flight, inayoleta kichefuchefu kwa baadhi ya watu: macho yanaona safari ndefu ya kuruka, masikio ya ndani yanahisi kiti kinachoyumba palepale, na ubongo haupatanishi. Usiweke miwili mfululizo, na usiweke wowote mara baada ya chakula.

Sasa tiketi. Ya mtu mzima kwa bustani moja imekuwa zaidi ya dirham 300, yaani zaidi ya dola 80 kwa kiwango cha dirham 3.67 kwa dola, na kwenye tovuti ya bustani kuna za mchanganyiko: bustani mbili siku moja, bustani mbili siku mbili, na kuendelea. Ya bustani mbili kwa siku moja inaonekana nafuu ukiigawa, lakini kwa familia yenye mtoto chini ya miaka minane ni hasara. Bustani hufunguliwa kati ya saa nne na saa sita mchana kulingana na siku, na mara nyingi hufungwa saa mbili usiku. Toa chakula, swala, usingizi wa mdogo na kuhama jengo hadi jengo, unabaki na saa tatu tatu kila upande. Bora bustani mbili siku mbili, hata kama italazimu kupunguza usiku mmoja wa hoteli Dubai. Hoteli za Yas nazo huuza chumba pamoja na tiketi. Jumlisha bei zote mbili kabla ya kuamua, kwani wakati mwingine chumba kinachoonekana ghali kimebeba tiketi za watu wanne.

Pasi ya kupita foleni inauzwa peke yake. Kwa Ferrari World siku ya Jumamosi ina maana, ukiwa na vijana wanaotaka kurudia. Kwa Warner Bros. World siku ya kazi, acha.

Wikiendi ya Imarati (Falme za Kiarabu) tangu Januari 2022 ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa wafanyakazi wa serikali hutoka kazini mchana. Panga Jumatatu hadi Alhamisi. Wanaosafiri likizo ya Desemba wawe macho na mbio za Formula 1 za Yas Marina, zinazofanyika mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba: wiki hiyo vyumba hupanda bei na barabara za kisiwa hujaa. Mwezi wa Ramadhani saa za kufungua hubadilika.

Kuhusu mavazi, akina mama wanaovaa mtandio wanaweza kupanda karibu kila kitu wakiufunga kwa ufupi, bila ncha inayoning'inia na bila pini. Kwenye magari ya mbio, yale ya karting, baibui refu na kanzu haviruhusiwi, na ni haki: kitambaa kikinaswa kwenye ekseli kinavuta shingo. Vaa suruali siku ya Ferrari. Simu, funguo na miwani ya kawaida viende kwenye makabati ya kukodi kabla ya kuingia foleni, siyo ukishafika mbele.

Familia yenye mchanganyiko, tuseme kijana wa miaka 16, wa miaka 11 na kitinda mimba wa miaka minne, igawanyike siku ya pili. Mzazi mmoja aende na kijana Ferrari World tangu mlango unapofunguliwa, mwingine abaki hotelini na wadogo hadi saa tisa, kisha awalete Yas Mall, ambayo imeungana na Ferrari World kwa ndani. Chakula cha pale ni nafuu kuliko cha bustanini. Kabla kijana hajatoka kuja kula, muulize mhudumu wa mlango kama ataruhusiwa kurudi kwa tiketi ileile.