Picha za Kifua cha Mjomba

Mjomba wangu alichoronga miamba ya tanzanite kule Mirerani tangu ujana wake, na alipoanza kukohoa mfululizo aliandikiwa dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi yake hayakuwahi kuonyesha vimelea. Hoja ya waliomtibu ilikuwa picha ya eksirei: mapafu yote mawili yalikuwa na madoa sehemu za juu, na huko ndiko kifua kikuu nacho hupenda kujenga. Alimaliza dozi, akaanzishiwa nyingine, huku pumzi ikizidi kumpungukia.

Mwaka 2019 nilimsindikiza hospitali ya rufaa. Kabla ya kutazama picha yoyote, daktari bingwa wa mionzi alimwuliza, “Mzee, umefanya kazi gani maishani?” Mjomba akajibu kwa fahari kwamba yeye ni mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanite, wa siku nyingi. Akaulizwa kama walichoronga kwa maji ili kutuliza vumbi. Akacheka mpaka akakohoa, kwa sababu shimoni hata maji ya kunywa yalikuwa ya kugombania.

Akapimwa kwa CT-Scan, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili tabaka kwa tabaka. Kwenye kompyuta daktari alituonyesha vinundu vya duara vya milimita chache, vimetapakaa pande zote mbili, vingi zaidi juu na nyuma, na upande wa kulia vilikuwa vimeungana kuwa bonge moja. Tezi zilizo kwenye mizizi ya mapafu zilizungukwa na ukingo mweupe wa chokaa, mfano wa ganda la yai. Hiyo, alisema, ni silikosisi: vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye miamba, hufika kwenye vifuko vya hewa, seli za kinga hulimeza zikafa, na makovu huendelea kujengeka hata mtu akishaacha mgodi. Kilichoniudhi ni kwamba eksirei za zamani, alipozipachika kwenye sanduku la taa, zilionyesha vinundu vilevile. Ila hakuna aliyekuwa ameuliza mwenye kifua anafanya kazi gani.

Mjomba aliuliza kama vumbi hilo linaweza kuoshwa. Daktari alimweleza wazi kwamba kovu haliondoki, na kwamba makohozi yangeendelea kupimwa, maana mwenye silikosisi hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Mjomba akauliza tena kama mwanawe, aliyekuwa bado anachoronga, angeweza kupigwa picha wiki ileile. Daktari akajaza fomu papo hapo, akasisitiza aje hata kama hakohoi, kwa kuwa vinundu huweza kuonekana kabla ya dalili.