Mashine mpya kwa boti kuukuu: nilivyochagua, Mikindani

Mashine ya nguvu ya farasi 25 ilipokufa, nilitaka kurukia ya 40. Fundi wangu akachomeka kisu kwenye ubao wa tezi, yaani ule wa nyuma ya boti unaobeba mashine, kikazama kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Umeoza! Mashine ya 40 ingeung'oa siku ya kusi kali.

Basi pesa ya kwanza ikaenda kwenye mbao: mvule mpya, boliti za chuma kisichoshika kutu.

Pili, kipimo. Tezi yangu ina inchi 20 kwenda juu, na mashine ya bei nafuu niliyoonyeshwa ilikuwa ya shafti fupi (mguu unaoshuka hadi kwenye propela), ya inchi 15. Hapo wengi tunaumia, kwa sababu propela hukaa juu, ikivuta hewa badala ya maji, mashine inalia na boti haiendi. Lile bamba lililo juu ya propela linatakiwa kuwa karibu sawa na chini ya boti.

Nikachukua farasi 25 tena, shafti ndefu, tu-stroku (ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli): nyepesi, na mafundi wetu wanaijua. Oili naichanganya mwenyewe, lita 1 kwa petroli lita 50. Jioni naisuuza mashine kwa maji baridi, yasiyo na chumvi.