Betri Juu ya Jiwe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu juma hili ni fupi: "Jiangalieni basi jinsi msikiavyo" (Luka 8:18). Marko anaandika "Angalieni msikialo", na kwa miaka mingi nilidhani ni jambo lile lile. Aliyenifumbua macho ni mama yangu, wala hakuwa anahubiri. Alikuwa anasimulia redio ya baba yake.

Ni mwaka 1963, kwenye kihamba, shamba la ukoo la Wachagga, huko Marangu, Kilimanjaro. Babu alikuwa amelipwa pesa za kahawa na KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, akashuka Moshi mjini, akarudi na redio ya transista imeviringishwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Ikawekwa juu ya kabati, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na mtoto hakuruhusiwa hata kuinyoshea kidole.

Lakini betri zilikuwa kazi ya watoto. Asubuhi zinatolewa, zinapangwa juu ya jiwe zipigwe na jua, maana betri iliyochoka ikipata joto huamka kidogo. Mpya zilikuwa za kununua, na fedha ya kahawa haiji kila mwezi. Kwa hiyo siku ya kusikiliza redio ilianzia pale kwenye jiwe, redio yenyewe ikiwa kimya. Mama anasema walishinda wakitazama mawingu kwa wasiwasi kuliko mwenye mahindi.

Jioni, ng'ombe wakishapewa majani, majirani wanaanza kuingia. Wazee kwenye viti, akina mama na watoto chini. Kwanza taarifa ya habari kutoka Dar es Salaam, babu akiwageuzia kwa Kichagga wale ambao Kiswahili kiliwapita kasi. Kisha anazungusha kitufe polepole kwenye masafa mafupi, akiitafuta Sauti ya Injili.

Hapa niseme kitu kinachonifurahisha kila nikikikumbuka. Kituo kile cha Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kilikuwa Addis Ababa, kimefunguliwa Februari mwaka huo huo. Vipindi vya Kiswahili viliandaliwa Moshi, kanda zikapelekwa Ethiopia, ndipo zikarushwa hewani kuturudia. Kutoka Moshi hadi Marangu ni kilomita kama 40, ila neno lilipitia kwa Mfalme Haile Selassie kwanza! Mama na nduguze hawakujua. Walishangaa tu jinsi Wahabeshi walivyokijua Kiswahili.

Masafa mafupi yana tabia yake. Sauti inakuja, inafifia, inarudi, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya korongo siku ya upepo. Ikififia, nyumba nzima inainama mbele. Aliyekuwa na kikohozi anatoka nje. Mtoto akilia, ananyonyeshwa hapo hapo. Watu zaidi ya kumi wanapumua kwa adabu ili lisipotee neno moja.

Kipindi kikiisha, babu anazima mara moja, hata kama wimbo haujakamilika. Betri. Kisha, gizani, anamtaja mtoto mmoja kwa jina: "Kasema nini?" Si kama kimependeza, wala nani aliimba. Kasema nini. Aliyeshindwa kujibu hakuchapwa. Kesho yake ndiye aliyekaa na betri kwenye jiwe, akifukuza kuku, wenzake wakicheza.

Ninapolifikiria neno la Bwana, naona nyumba ile imeinama. Mimi simu yangu haizimiki. Juma lililopita nilisikiliza mahubiri matatu huku nikiosha vyombo, na naapa (ingawa tumekatazwa kuapa) siwezi kuwatajia andiko hata moja. Sauti ilikuwa safi, haikukwama hata mara moja. Nadhani hilo nalo lilichangia.

Samweli aliitwa mara tatu akakimbilia kwa Eli. Masikio yalikuwa mazima, aliinuka kila mara. Ilibidi mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefifia amfundishe namna ya kulala akisubiri: "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia" (1 Samweli 3:9).

Mama sasa magoti hayamruhusu kufika kanisani kila Jumapili. Ibada ikiisha ananipigia. Jumapili iliyopita, hata shikamoo yangu ilikuwa haijakamilika:

"Marahaba. Mchungaji kasema nini?"

"Alihubiri vizuri sana, mama. Watu walibarikiwa."

"Sikuuliza alihubirije."

Nikanyamaza. Akacheka, akaniambia niende nikaanike betri.