Gongo si fyekeo: wiki ya sita

Leo, katika mazoezi yangu ya kupiga mpira wa besiboli kwa gongo, mipira 19 kati ya 30 imegonga chandarua kwa usawa wa kifua. Wiki ya pili ilikuwa minne. Mingine ilibingirika uani kama machungwa yaliyomwagika sokoni.

Vifaa ni vilevile. Gongo la alumini la mitumba kutoka soko la Karume, na bomba la maji nililolisimika kwenye ndoo ya rangi iliyojaa zege, juu nimelivisha kipande cha tyubu ya baiskeli ili mpira ukae. Natumia mipira ya tenisi, maana wa besiboli wenyewe una gramu 140 na ushee, na madirisha ya jirani ni ya vioo.

Ugonjwa wangu nimeshaujua: fyekeo. Nani hakufyeka majani shule ya msingi? Fyekeo linataka mkono ulionyooka, uzunguke mbali na mwili. Nami gongo nilikuwa nalizungusha hivyohivyo, likawa linachelewa. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kituo cha mpigaji; mpira wa kilomita 145 kwa saa unafika kwa takriban sekunde 0.4. Muda wa kufyeka haupo.

Dawa yake ni ukuta. Unaweka kitako cha gongo kitovuni, ncha iguse ukuta, halafu unazungusha ukiwa palepale. Ukikwaruza, umefyeka. Siku ya kwanza nilichubua plasta mara saba, mama mwenye nyumba akatoka: "We baba, huo ukuta umekukosea nini?" Ndiyo nikahamia kwenye chandarua kuukuu kilichoanikwa kambani.

Kilichonifungua hasa ni nyonga. Kisigino cha mbele kikishatua, kiuno ndicho kinaanza, mikono inafuata ikiwa karibu na kifua. Goti la nyuma linageuka, kisigino chake kinainuka, kitovu kinamtazama mrushaji. Wacheza mdundiko wangenielewa kabla sijamaliza sentensi.

Nilijaribu pia kuinua mguu wa mbele kama Sadaharu Oh, nyota wa ligi ya Japani aliyepiga homurani 868, yaani mipigo ya kuvusha mpira nje ya uwanja. Nikaangukia beseni la nguo. Nimerudi kwenye hatua fupi, shibiri moja tu.

Jambo dogo la kufurahisha: lengelenge limehama. Lilikuwa katikati ya kiganja, sasa liko kwenye mashina ya vidole, ambako gongo linatakiwa kushikwa.

Jioni mpwa wangu, anayesoma sekondari ya Azania, kwenye ule uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, alinirushia mipira 20, polepole kabisa. Nilipiga miwili.

"Mjomba, unautafuta mpira ulikoenda kabla hujaupiga."

Kweli, kichwa kinatangulia. Kwa hiyo wiki hii narudi kwenye bomba: nikishapiga, macho yabaki kwenye ile tyubu mpaka nisikie mpira umetua kwenye chandarua.